Bhagavad Gita inafundisha nini hasa? Fuata maswali ya Arjuna

Watu wengi ukiwatajia Bhagavad Gita wanajua mambo mawili tu, kwamba ni kitabu kitakatifu cha Wahindu na kwamba kuna mahali kinasema fanya kazi yako usijali matokeo. Basi. Halafu siku mtu akiamua kukisoma mwenyewe anachanganyikiwa kabisa, maana kitabu kinaanzia katikati ya uwanja wa vita, Mungu ndo anamwambia mtu anyanyuke apigane na ndugu zake, halafu kurasa chache mbele huyo huyo anafundisha utulivu wa moyo, kutochukia kiumbe chochote, kukaa kimya na kutafakari, na msomaji anabaki anajiuliza hivi haya mambo yanaingianaje.

Mimi naona njia nzuri ya kukielewa ni kuacha kukisoma kama mkusanyiko wa nukuu za kubandika kwenye status, ukakisoma kama kilivyo, yaani mazungumzo ya watu wawili, na mmoja wao amechanganyikiwa kama wewe na anauliza maswali kila mara. Huyo ni Arjuna, na anayemjibu ni Krishna, ambaye ndo yule Mungu. Ukifuata maswali yake tu, fundo lote linaanza kulegea.

Ila kwanza tujue tuko wapi. Gita sio kitabu kilichoanza peke yake, ni kipande cha Mahabharata, utenzi mkubwa wa Kisanskriti, lugha ya kale ya India, wenye beti kama 100,000 katika vitabu 18, na Gita iko kwenye kitabu cha 6. Yenyewe ina beti 700 katika sura 18. Lini ilitungwa wasomi hawajakubaliana, wengi wanaiweka kwenye karne chache kabla ya Kristo au zile za mwanzo mwanzo baada yake.

Stori yenyewe ni ugomvi wa urithi, kitu ambacho ukoo wowote unakijua. Kuna watoto wa baba mkubwa na watoto wa baba mdogo, ambao kwa hesabu zetu ni ndugu kabisa. Upande mmoja Kaurava, watoto 100 wa mfalme kipofu Dhritarashtra, kiongozi wao Duryodhana. Upande mwingine Pandava, ndugu watano, na Arjuna ni wa tatu, mpiga mshale hakuna mfano. Duryodhana akawafanyia mchezo wa kete wenye hila, Pandava wakapoteza ufalme, Draupadi, mke wao wote watano, akadhalilishwa mbele ya baraza zima huku wazee wamekaa kimya, wakapelekwa uhamishoni miaka 13. Waliporudi kudai chao Krishna mwenyewe akaenda kusuluhisha, akafika mpaka kuomba wapewe vijiji vitano tu yaishe, na Duryodhana akasema hata ardhi ya kuchomeka ncha ya sindano hawapati. Hii sehemu ni muhimu sana na watu wanairuka. Vita ya Gita inakuja baada ya kila mlango wa mazungumzo kufungwa, na aliyeufunga sio Arjuna.

Na Krishna ni nani hapo? Mama yake Arjuna ni shangazi yake Krishna, kwa hiyo ni mabinamu, halafu Arjuna kamuoa Subhadra dada yake Krishna, kwa hiyo ni shemeji pia. Ni rafiki wa kukaa naye na kula naye. Kabla ya vita pande zote mbili zilimfuata, akawaambia chagueni, mmoja achukue jeshi langu lote, mwingine anichukue mimi nikiwa sina silaha na sipigani. Arjuna akamchagua Krishna, Duryodhana akalifurahia jeshi. Ndo maana kwenye Gita Krishna ameshika hatamu za farasi, ni dereva wa gari la vita.

Sasa sura ya kwanza. Majeshi yamejipanga Kurukshetra, eneo ambalo leo liko jimbo la Haryana kaskazini mwa Delhi, baragumu za kombe zimepulizwa, na Arjuna anamwambia Krishna lipeleke gari katikati ya majeshi mawili niwaone ninaoenda kupigana nao. Krishna analipeleka, na analisimamisha mbele ya nani? Mbele ya Bhishma, babu aliyewalea, na Drona, mwalimu aliyemfundisha Arjuna kushika upinde. Arjuna anaangalia anaona baba zake, babu, walimu, wajomba, ndugu, watoto, wajukuu, wakwe, marafiki, pande zote mbili. Na hapo mwili unamgomea. Mdomo unakauka, viungo vinalegea, anatetemeka, nywele zinamsimama, ngozi inamuwaka moto, upinde wake Gandiva unamteleza mkononi, anasema siwezi hata kusimama, kichwa kinazunguka. Mtu yeyote aliyewahi kupata mshtuko wa hofu anazijua dalili hizi moja moja, na hizi zimeandikwa zaidi ya miaka elfu moja na mia tano iliyopita. Anakaa chini kwenye gari, anaweka upinde na mishale pembeni. Baadaye anasema heri niishi kwa kuombaomba kuliko kuwaua wakubwa hawa, kisha anasema sitapigana, na ananyamaza.

Kwa hiyo kitabu hiki kinaanza na mtu mzima, shujaa, ambaye kila njia anayoiona mbele yake ni mbaya. Akipigana anaua babu na mwalimu. Asipopigana anaiachia dhuluma ishinde na anawaacha kaka na wadogo zake peke yao. Hilo ndo swali la Gita, ufanye nini ukiwa huna njia safi? Ukilisahau swali hili kila jibu la Krishna litakuonekea la ajabu.

Krishna hajibu kwa kitu kimoja, anajaribu mlango mmoja baada ya mwingine. Kwanza anazungumzia nafsi, kwamba kilicho ndani ya mtu hakizaliwi wala hakifi, silaha haikikati, moto haukichomi, mwili unavuliwa kama nguo iliyochakaa na kuvaliwa mwingine. Halafu anamgusa kwenye heshima, wewe ni wa tabaka la mashujaa, watu watakucheka. Kusema ukweli huo mlango wa heshima ni dhaifu na naona Krishna mwenyewe anaupita haraka, maana muda mfupi baadaye anafika kwenye ubeti wa 47 wa sura ya 2, ule ambao India nzima inaujua, na hapa ndo inabidi tukae.

Ubeti ule una vipande vinne na watu wananukuu kimoja au viwili. Cha kwanza, haki yako iko kwenye kutenda tu. Cha pili, haiko kamwe kwenye matunda ya kutenda. Cha tatu, matunda yasiwe ndo kinachokusukuma. Cha nne, usije ukapenda kutotenda. Hicho cha nne ndo breki ya ubeti mzima na ndo kinachosahaulika, kwa sababu mtu mvivu akishika kile cha pili peke yake anapata kisingizio kizuri sana, kwamba mimi sijali matokeo, mimi niko huru, na kumbe kakimbia kazi. Arjuna pale alipokaa alikuwa anataka hicho hicho, aondoke tu, awe kama mtawa mwombaji, na Krishna anamwambia hapana, huko sio kuwa huru.

Fikiria kipa kwenye penalti. Akili yake ikiwa kwenye magazeti ya kesho, au kwenye mashabiki watakavyomzomea, au kwenye bonasi, miguu inakuwa mizito na mpira unapita. Yule anayedaka ni yule ambaye kwa sekunde ile kuna mpira na yeye tu. Sio kwamba hajali kushinda, anajali kuliko mtu yeyote pale uwanjani, ila moyo wake ameuweka kwenye kudaka, hajauweka kwenye kombe. Ndivyo ninavyoielewa Gita hapa. Haisemi usijali, inakwambia hamisha mahali unapouweka moyo wako, uutoe kwenye kitu ambacho hakiko mikononi mwako uulete kwenye kilichopo mikononi. Na beti chache mbele Krishna anasema yoga, yaani ile nidhamu ya kuituliza nafsi, ni ustadi katika kutenda, yaani mtu aliyetulia hivyo anatakiwa afanye kazi vizuri zaidi, sio ovyo zaidi.

Bado kwenye sura ya 2 kuna beti mbili ambazo mimi nazipenda kuliko hata huo wa 47, beti ya 62 na 63. Zinaeleza mtu anavyoharibika, hatua kwa hatua. Ukikifikiria kitu kila saa unaanza kushikamana nacho. Kushikamana kunazaa tamaa. Tamaa ikizuiwa inazaa hasira. Hasira inaleta kuchanganyikiwa, kuchanganyikiwa kunafuta kumbukumbu, kumbukumbu ikifutika akili inaanguka, na akili ikianguka mtu amekwisha. Mwangalie mtu anayevizia cheo ofisini, alianza kwa kukifikiria tu, sasa anamchukia mwenzake aliyekipata, amesahau kabisa kwamba huyo mwenzake ndo alimpeleka hospitali mwaka juzi, na kesho anamwandikia barua ya fitina kwa bosi. Hakuamka siku moja akawa mbaya. Ni mnyororo, na ukisoma beti hizi unaona kwamba mahali rahisi pa kuukata ni mwanzoni kabisa, kwenye kile unachokipa mawazo yako siku nzima.

Sasa angalia sura ya 3 inaanzaje. Arjuna analalamika! Anamwambia Krishna kama unaona ujuzi ni bora kuliko kutenda, mbona unanisukuma kwenye kitendo hiki cha kutisha, maneno yako yananichanganya, niambie kitu kimoja tu kilicho wazi. Yaani malalamiko yako wewe msomaji yameshaandikwa ndani ya kitabu. Na jibu ni kwamba hakuna mtu anayeweza kukaa bila kutenda hata dakika moja, hata kuuweka mwili hai ni kutenda, kwa hiyo swali la nitende au nisitende ni swali la uongo. Swali la kweli ni unatendaje. Kuna mtu amekaa kimya kafumba macho lakini kichwani anatamani kila kitu, Krishna anasema huyo anajidanganya. Na kuna mtu yuko bize asubuhi mpaka usiku, moyo umetulia, anafanya kwa ajili ya wengine na kwa ajili ya Mungu, huyo ndo yuko mbele.

Mwishoni mwa sura hiyo hiyo anauliza swali ambalo mtume Paulo angelitambua, kwamba ni nini kinachomsukuma mtu kufanya dhambi hata kama hataki, kama vile amelazimishwa? Krishna anajibu ni tamaa, ni hasira, ndo adui wako hapa duniani. Sio Duryodhana. Kitabu kilichoanza na maadui wamesimama upande wa pili wa uwanja sasa kinaonyesha adui yuko ndani ya gari.

Sura ya 6 ni ya kutafakari na hapa Gita inashangaza kwa kiasi chake, haitaki mtu ajitese. Inasema yoga sio ya mtu anayekula sana wala asiyekula kabisa, sio ya anayelala sana wala anayekesha. Arjuna anasikiliza halafu anasema kitu cha kweli kabisa, kwamba akili haitulii, ina fujo, ina nguvu, ni kaidi, kuizuia naona ni kugumu kama kuzuia upepo. Na Krishna hamkatalii! Anasema ni kweli, ni ngumu, ila inawezekana kwa mazoezi na kwa kuachilia. Arjuna bado hajaridhika, anauliza sasa vipi mtu aliyejaribu akashindwa katikati, si amepoteza huku na huku kama wingu lililopasuka? Anajibiwa kwamba hakuna atendaye mema akaishia pabaya, alichofanya hakipotei. Kwa mtu ambaye amewahi kuanza kitu cha kiroho akaacha, akaanza tena akaacha, mistari hii ni faraja kubwa na sijui kwa nini hainukuliwi zaidi.

Halafu inakuja sura ya 11. Arjuna anaomba kumwona Krishna alivyo kweli, na anaonyeshwa. Nyuso zisizohesabika, macho kama jua na mwezi, kama jua elfu moja zimechomoza kwa pamoja, na wapiganaji wa pande zote wanaingia kwenye vinywa vile kama nondo wanavyokimbilia moto. Ni sura hii ambayo Robert Oppenheimer, mwanafizikia aliyeongoza utengenezaji wa bomu la atomiki, alisema aliikumbuka baada ya jaribio la tarehe 16 Julai 1945 kule New Mexico, alishawahi kujifunza Kisanskriti na alikuwa anaisoma Gita kwa lugha yake ya asili. Wengi wanaujua ule mstari aliounukuu, sasa nimekuwa Mauti, mwangamizi wa ulimwengu. Mimi kinachonigusa ni anachofanya Arjuna baada ya pale. Anaomba msamaha. Anasema nisamehe kwa zile siku nilizokuita we Krishna, we rafiki, kwa uzembe au kwa mapenzi, nikakutania tukiwa tunacheza, tumelala, tumekaa, tunakula, peke yetu au mbele ya watu, sikujua wewe ni nani. Kisha anamwomba Krishna arudi kwenye umbo lake la kawaida kwa sababu anaogopa. Na Krishna anarudi, anamtuliza. Sura inayofuata ni ya bhakti, yaani kumpenda Mungu, na baada ya hofu ile inaingia mahali pake, maana Krishna anamtaja mtu anayempenda kuwa ni yule asiyechukia kiumbe chochote, mwenye urafiki na huruma. Alishasema pia kwamba mtu akimtolea jani, ua, tunda au maji kwa upendo, anapokea. Maji tu.

Sura za mwisho zina mambo mengi ya kuainisha, tabia tatu zinazofunga viumbe vyote, mpaka aina za chakula na aina za sadaka, msomaji wa mara ya kwanza anaweza kuzipitia haraka bila kupoteza uzi.

Kitu ambacho hakifai kupitwa haraka ni matabaka. Gita inasema Krishna aliumba matabaka manne kwa kufuata tabia na kazi, na inasema ni bora wajibu wako hata ukiufanya kwa kasoro kuliko wa mwingine ukiufanya vizuri. Wako wanaosema angalia, imesema tabia na kazi, haikusema kuzaliwa. Ila kwa karne nyingi mistari hiyo imetumika kumwambia mtu wa chini abaki chini, na B. R. Ambedkar, aliyezaliwa kwenye jamii iliyoitwa isiyoguswa, chini ya matabaka yote manne, na baadaye akaongoza kamati iliyoandika rasimu ya katiba ya India, aliikosoa Gita vikali kwa sababu hiyo, na mwaka 1956 akaingia dini ya Buddha pamoja na maelfu kwa maelfu ya watu. Huwezi kusema unaipenda Gita ukamkwepa Ambedkar. Humo humo ndani lakini kuna ubeti unaosema mwenye hekima anamwona sawa kuhani msomi wa tabaka la juu, ng'ombe, tembo, mbwa na mtu aliyetengwa na jamii, na mwingine unaosema wanawake na watu wa tabaka la chini nao wanafika mahali pa juu kabisa. Mimi nasoma beti hizi kama moyo wa kitabu na zile nyingine kama nguo za zama zake, ila huo ni usomaji wangu.

Na hakuna msomaji wa Gita asiye na usomaji wake. Shankara, mwanafalsafa wa Kihindu wa karne ya 8, aliona ujuzi ndo kilele. Ramanuja, mwanafalsafa mwingine karne kama tatu baadaye, akaona upendo kwa Mungu. Tilak, mpigania uhuru wa India, akiwa amefungwa na Waingereza gerezani Mandalay, Burma, aliandika kitabu kikubwa kusema Gita ni wito wa kutenda. Gandhi, aliyeisoma kwa mara ya kwanza akiwa mwanafunzi London tena kwa tafsiri ya Kiingereza, aliiona vita ile kuwa ni ya ndani ya moyo wa mtu na akajengea juu yake maisha ya kutotumia nguvu. Na mtu aliyempiga Gandhi risasi tarehe 30 Januari 1948, Nathuram Godse, naye alikuwa anaiheshimu Gita hiyo hiyo. Hilo linatisha na linapaswa kutisha. Kwangu Godse alisoma amri akaruka maswali, akachukua ile nyanyuka upigane bila ule mnyororo wa hasira, bila yule adui aliye ndani, bila lile sharti la kutochukia kiumbe chochote. Huku kwetu majirani zetu Wahindu, wengi mababu zao wametokea Gujarat, magharibi mwa India, wanaisoma kwenye mahekalu ya Dar, Mombasa, Nairobi na Kampala, na ukimuuliza mzee wa pale maana yake mara nyingi atakwambia jambo dogo la kila siku, fanya kazi yako kwa uaminifu, mwachie Mungu.

Karibu na mwisho kabisa, sura ya 18, Krishna ambaye kaonyesha kuwa yeye ndo ulimwengu wote anamwambia Arjuna, nimekuambia siri ya siri zote, itafakari yote mpaka mwisho, halafu fanya unavyotaka. Hajamlazimisha. Dini ngapi zina Mungu anayeeleza sura 18 halafu anasema amua mwenyewe? Arjuna anajibu mashaka yameisha, nimekumbuka, nitafanya ulivyosema. Anaokota upinde.

Vita ikapiganwa siku 18, na Mahabharata haifichi gharama yake. Bhishma anaanguka, Drona anauawa kwa hila, kuna kitabu kizima cha wanawake wanaotembea uwanjani wakilia juu ya maiti za waume na watoto, na kaka mkubwa wa Pandava baada ya kushinda anasema hautaki tena ufalme. Halafu, kwenye kitabu cha 14, Arjuna na Krishna wamekaa zao wakati wa amani, Krishna anajiandaa kurudi kwao Dvaraka, na Arjuna anamwambia, yale uliyonifundisha kabla ya vita yamenitoka, nimeyasahau, niambie tena kabla hujaondoka. Krishna anachukia kidogo, anamwambia hukuelewa vizuri, na siwezi kuyarudia yote kama nilivyoyasema siku ile. Kisha anaanza kumfundisha upya, kwa hadithi nyingine.